Kidole cha Sita na Unywele wa Seli

Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu hospitalini, mjini Tanga, kumpeleka mjukuu wake aliyekuwa na umri wa siku tisa. Mtoto huyo alizaliwa na kidole cha ziada kando ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kipande kidogo cha nyama chenye ukucha wake, kikining'inia kwa ngozi nyembamba kama kikonyo cha embe changa. Nyumbani shauri lilikuwa limeshapita kwamba kifungwe uzi, kama tulivyofungwa wengi wetu. Mimi mwenyewe nina kovu la ukubwa wa punje ya mtama mahali hapo hapo, na marehemu bibi, ambaye ndiye aliyekifunga changu, alikuwa akisimulia kwa fahari kwamba kilidondoka siku ya sita bila hata tone la damu.

Daktari aliyetupokea, kijana wa makamo ya mwanangu wa kwanza, alikitazama kidole kwa muda mfupi sana. Kisha akaanza maswali ambayo hatukuyatarajia. Je, mtoto huwa anahema mbiombio kisha akanyamaza ghafla kama aliyesahau kuvuta pumzi? Macho yake hutulia anapotazama taa, au huchezacheza? Akinyanyuliwa, mwili unakaza au unalegea? Akamminya tumbo taratibu upande huu na upande huu, akahesabu vidole vya miguu, akapapasa kisogo kwa ncha za vidole. Shangazi alivumilia hadi uvumilivu ukamwishia, akasema, "Daktari, mwanangu, mimi nimemleta kwa kidole tu."

"Najua, mama," akajibu. "Naangalia kama kimekuja peke yake."

Kilikuwa kimekuja peke yake, kama ilivyo kwa watoto walio wengi mno, kwani kidole cha aina hiyo ni jambo la kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika na kwa kawaida hakiambatani na ugonjwa wowote. Kilikatwa siku hiyo hiyo kwa ganzi. Lakini swali la kidole kuja peke yake au kuja na wenzake lilinikaa kichwani. Nimefundisha biolojia sekondari kwa miaka mingi, na sikuweza kumweleza shangazi, tulipokuwa tukirudi na daladala, kidole kinahusiana vipi na pumzi, macho, figo na kisogo. Nilikwenda kusoma. Jibu nililolikuta linapita mahali ambapo nilikuwa nimelifundisha somo hilo vibaya.

Kosa langu lilikuwa hivi. Kila mwaka niliwaagiza wanafunzi waloweke nyasi kavu kwenye kopo la maziwa kwa siku nne au tano, kisha tulichukua tone la maji hayo, tukageuza kioo cha hadubini kuelekea dirishani, na tukamtafuta paramesiamu, kiumbe wa seli moja aogeleaye majini. Akipatikana, darasa zima hugombania lenzi, maana anapita kama mtumbwi, na pembeni mwake maji yanatetemeka kwa sababu ya silia, vinywele vinavyopiga kasia bila kupumzika. Nikawaambia kwamba silia zipo pia kwenye koo letu zikifagia makohozi, na kwenye mirija ya uzazi zikilisukuma yai. Silia ni za kuogelea na kufagia; andikeni. Wakaandika. Sikuwaambia, kwa kuwa sikujua, kwamba karibu kila seli ya mwili wa binadamu, ikiwemo seli ya ubongo, huota silia moja tu isiyopiga kasia wala kufagia chochote.

Silia hiyo huitwa silia ya msingi. Urefu wake ni mikromita chache, na unene wake hauzidi mikromita 0.3 au hapo karibu, hivyo kwamba unywele mmoja wa kichwani ungeweza kuwekewa mamia ya silia kama hizo zikiwa zimelala sambamba juu ya upana wake. Ndani yake mna jozi 9 za mirija midogo ya protini zilizopangwa kwa duara. Silia inayopiga kasia huwa na jozi 9 hizo hizo na mirija 2 zaidi katikati. Silia ya msingi, kwa kawaida, haina hiyo ya katikati. Ni kama ngalawa isiyo na mlingoti, na watu wakaitazama hivyo hivyo, kama chombo kilichoachwa bila kumaliziwa.

Mwanaanatomia Karl Wilhelm Zimmermann aliichora mwaka 1898, akiiona kwenye seli za figo na za viungo vingine vya mamalia, na hata akakisia kwamba huenda ni kitu cha kuhisi. Hakuna aliyemfuata kwa dhati. Jina la silia ya msingi lilikuja na Sergei Sorokin mwaka 1968, ambaye aliona kwenye mapafu yanayokua kwamba hiyo ndiyo hutangulia kuota kabla ya silia zenye kutikisika. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini maoni yaliyotawala ni kwamba ni masalia, kitu tulichorithi kutoka kwa mababu wenye kuogelea na ambacho mwili haujapata muda wa kukitupa. Sina haki ya kuwacheka, kwani mimi nilikuwa sijafika hata kwenye masalia.

Fununu ya kwanza ilitoka kwa mwani. Mwaka 1993, katika maabara ya Joel Rosenbaum pale Chuo Kikuu cha Yale, Keith Kozminski alikuwa akiutazama kwa hadubini mwani wa kijani wa seli moja uitwao klamidomonasi, wenye mikia miwili. Ndani ya mikia hiyo aliona vitu vidogo vikipanda kuelekea nchani na vingine vikishuka, mfululizo, kama mafundi wanaopokezana matofali kwenye jengo la ghorofa. Sababu ya msafara huo ni kwamba ndani ya silia hakuna kinachopikwa. Seli hutengeneza protini zake kwenye mwili wake, na kila tofali la silia lazima libebwe kutoka chini, likabidhiwe juu, na kilichochakaa kishushwe. Msafara ukikatika, silia haioti, au inaota ikiwa kigutu. Mwaka 2000 Gregory Pazour na wenzake walionyesha kwamba jeni moja ya wabebaji hao wa mwani, ijulikanayo kama IFT88, ni ile ile iliyoharibika kwa panya fulani waliokuwa wakifa kwa uvimbe wa vifuko vya maji kwenye figo. Silia za figo zao zilikuwa fupi mno. Kwa hiyo kitu kilichodhaniwa kuwa masalia kilikuwa kinaua kinapokosekana, na hapo figo, kimojawapo cha viungo katika orodha ya yule daktari, kikapata maelezo.

Ubongo uliingia mwaka 2003, na ulikuja kwa mlango ambao hakuna aliyekuwa anaubisha. Kathryn Anderson, mtaalamu wa jenetiki huko New York, alikuwa na mtindo wa kazi ambao naupenda kwa sababu hautangulizi majibu. Maabara yake iliharibu jeni za panya bila kuchagua, kisha wakatazama vijusi vipi vinajengeka vibaya, na mwisho wakaitafuta jeni iliyohusika. Danwei Huangfu, aliyekuwa mwanafunzi wake, alifuatilia panya ambao mrija wao wa neva, yaani ule mrija wa awali unaokuja kuwa ubongo na ugwe wa mgongo, ulikuwa umekosa seli za upande wa chini, upande ambao ndio huzaa neva za kuendesha misuli. Jeni zilizoharibika, zilipopatikana, zilikuwa jeni za wale wabebaji wa matofali ya silia. Ilikuwa kana kwamba umekwenda kutafuta kwa nini redio haisemi ukakuta tatizo ni fundi seremala.

Ili kuelewa mshangao huo inabidi kueleza ujumbe uliokuwa umepotea. Seli za mrija wa neva, mwanzoni, zinafanana. Hakuna inayozaliwa ikijua kwamba itakuwa neva ya kukunja goti au neva ya kuhisi joto la chai. Chini ya mrija huo umelala ufito laini wa muda, notokodi, na kutoka hapo, na baadaye kutoka kwenye sakafu ya mrija wenyewe, hutoka protini inayosambaa kuelekea juu ikizidi kupungua, kama harufu ya karafuu iliyoanikwa kwenye jamvi, ambayo aliyesimama karibu inamjaa puani na aliye ng'ambo ya ua anaibahatisha tu. Seli inayoipata kwa wingi na kwa muda mrefu inakuwa kitu kimoja, inayopata kiasi cha kati inakuwa neva ya misuli, ya juu zaidi inakuwa kitu kingine. Hakuna mpango wa jengo mahali popote. Kuna harufu, na kuna pua.

Jina la protini hiyo ni kisa chenyewe. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, katika uchunguzi wa nzi waliouchapisha mwaka 1980 na uliokuja kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1995, walikuta funza wa nzi ambaye, jeni moja ikiharibika, anafunikwa na vijimwiba mwili mzima, wakaiita jeni hiyo kwa jina la kalunguyeye. Wanyama wenye uti wa mgongo walipokutwa na jeni kadhaa za ukoo huo, mojawapo ikapewa jina la Sonic, yule kalunguyeye wa buluu wa michezo ya kompyuta. Wako madaktari wanaolalamika kwamba ni aibu kumwambia mzazi mwenye huzuni kwamba mtoto wake ana hitilafu kwenye jeni ya mchezo wa watoto, nami naona wana haki. Hapa nitaiita kalunguyeye tu.

Pua ya kuinusa ndiyo silia. Jambo hili lilithibitishwa hatua kwa hatua: mwaka 2005 kundi la Jeremy Reiter huko San Francisco lilionyesha kwamba protini iitwayo Smoothened huingia kwenye silia pale kalunguyeye anapofika, na mwaka 2007 maabara ya Matthew Scott huko Stanford ilionyesha kwamba kipokezi chenyewe, Patched, hukaa hapo hapo kwenye silia kabla ujumbe haujafika. Utaratibu wake ni wa mlinzi wa geti. Wakati wa ukimya Patched amekaa kwenye silia na anamzuia Smoothened asikae humo. Kalunguyeye akifika humshika Patched, naye huondoka. Smoothened huingia na kujikusanya. Na hilo hubadilisha hatima ya kundi la tatu, protini za Gli, ambazo ndizo zinazokwenda kwenye kiini cha seli kuwasha au kuzima jeni.

Hapa ndipo kidole kinapokutana na ubongo, na ndipo nilipoweka kitabu chini nikazunguka uani. Protini za Gli zina sura mbili. Ujumbe ukiwepo, baadhi yake, hasa Gli2, huwa wawashaji. Ujumbe usipokuwepo, Gli3 hukatwa na kuwa mzimaji, yaani huenda kwenye kiini kuhakikisha kwamba jeni zile hazifanyi kazi. Na kazi zote mbili, ya kumtayarisha mwashaji na ya kumkata mzimaji, zinahitaji silia. Kwa hiyo seli iliyonyang'anywa silia haibaki kama seli isiyosikia ujumbe, wala kama inayousikia muda wote. Inabaki bila mwashaji na bila mzimaji. Matokeo yake hutegemea ni yupi kati ya hao wawili aliyekuwa na kazi kubwa zaidi mahali hapo. Sehemu ya chini ya mrija wa neva hujengwa zaidi na mwashaji, kwa hiyo silia ikikosekana seli za chini hazipatikani. Kiganja, kinyume chake, hujengwa zaidi na mzimaji, ambaye ndiye huweka kikomo cha idadi ya vidole. Silia ikikosekana hakuna wa kusema basi, na vidole huzidi. Hitilafu ile ile, kwenye mwili ule ule, inapunguza huku na kuongeza kule. Kwa miaka yote niliyofundisha sijawahi kukutana na mfano bora kuliko huu wa kuwaonya wanafunzi wasiseme kwamba jeni fulani ni ya kiungo fulani.

Nieleweke vizuri kuhusu kovu langu. Kidole cha ziada kinaweza kutokana na badiliko dogo kwenye jeni ya GLI3 au kwenye nyingine, bila silia kuwa na dosari yoyote, na ndiyo maana mimi na nusu ya ukoo wetu tuna macho mazima na figo nzima.

Kalunguyeye hafanyi kazi mara moja akaondoka. Hurudi baadaye kwenye serebela, ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa chini ya kisogo, unaotuwezesha kutembea bila kuyumba na kupeleka kijiko mdomoni bila kumwaga uji. Katika hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na kundi la Suzana Herculano-Houzel wa Brazil, ubongo wa mtu mzima ulikutwa na wastani wa nyuroni, yaani seli za neva, bilioni 86, na takriban bilioni 69 kati ya hizo zimo kwenye serebela, nyingi zikiwa seli ndogo sana zenye umbo la chembe. Umati huo lazima uzalishwe, na uzalishaji wake huendelea hata baada ya mtoto kuzaliwa. Anayeuchochea ni kalunguyeye, safari hii akitolewa na nyuroni kubwa zenye matawi kama mvinje, nyuroni za Purkinje, na wanaomsikiliza ni vizazi vya zile seli ndogo, kila mmoja na silia yake. Panya ambao silia hizo zimeondolewa kwenye seli hizo hupata serebela ndogo, iliyokosa mikunjo. Kinyume chake pia hutokea: sauti ya kalunguyeye isipozimika, seli zinaendelea kuzaana, na aina mojawapo ya saratani ya ubongo ya watoto, medulloblastoma, huanzia hapo.

Mwaka 1969 Marie Joubert na wenzake huko Montreal walieleza habari za ndugu wa familia moja ya Kanada waliokuwa wakihema mbiombio kisha pumzi inakatika, macho yakichezacheza, miili ikilegea na baadaye kuyumba, na sehemu ya katikati ya serebela ikiwa haipo au ni ndogo mno. Kipimo cha MRI kilipokuja, kilionyesha kwa watoto wa aina hiyo picha ambayo ukiiona mara moja huisahau: shina la ubongo, likikatwa kwa mlalo, lina umbo la gego lenye mizizi miwili mirefu. Mizizi hiyo ni mafungu ya nyuzi za neva yaliyonenepa na kunyooka, ambayo yalipaswa kuvuka kwenda upande wa pili na hayakuvuka. Madaktari huiita ishara ya gego. Leo jeni zaidi ya 40 zinajulikana kusababisha ugonjwa wa Joubert, na karibu zote ni za silia: nyingine za lango la chini linalochagua kipi kiingie, nyingine za utando wake, nyingine za kitako chake. Baadhi ya watoto hao huwa pia na figo zenye vifuko, baadhi hupofuka kwa sababu seli za jicho zinazopokea mwanga zimejengwa juu ya silia iliyogeuzwa, na baadhi huwa na vidole vya ziada. Ndugu mkali zaidi wa ugonjwa huo, uitwao Meckel, huja na uvimbe wa ubongo uliotokeza kisogoni. Rudia sasa maswali na mikono ya yule daktari, hakuacha kitu.

Magonjwa haya karibu yote hurithiwa kutoka pande zote mbili: baba ana nakala moja mbovu na moja nzima, mama vivyo hivyo, wote wazima kabisa, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata zote mbovu. Ndiyo maana hujitokeza zaidi mahali ambapo ndugu wa karibu huoana. Ugonjwa wa Bardet-Biedl, ambao nao ni wa silia na huleta unene, upofu wa polepole na vidole vya ziada, unajulikana kuwa mwingi kuliko kawaida kwa Wabedui wa Kuwait. Sisi wa pwani, tunaosifia ndoa za mabinamu, tuna sababu ya kuwaeleza madaktari historia ya ukoo bila kuificha.

Niseme pia jambo moja ili nisipotoshe. Kichwa kikubwa cha maji, ambacho wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanakijua kwa machungu, hakipaswi kubebeshwa silia ya msingi. Ni kweli kwamba ndani ya vyumba vya ubongo kuna silia nyingine, zile zenye kutikisika, zinazosukuma maji, na kwamba zikilemaa maji yanaweza kujaa. Lakini katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, ambako daktari Benjamin Warf alifanya kazi ya miaka mingi juu ya tatizo hili, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamelipata kutokana na maambukizi ya utotoni. Wala mgongo wazi hausubiri utafiti wa silia. Asidi ya foliki kabla ya mimba na mwanzoni mwake inauzuia kwa sehemu kubwa leo hii.

Baada ya ubongo kujengwa ningetarajia silia iondolewe, kama mbao za kumwagia zege. Haiondolewi. Nyuroni za mtu mzima zinayo bado, moja moja. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwa panya kwamba kipokezi kimoja muhimu cha kuonyesha kwamba mtu ameshiba, MC4R, hukaa kwenye silia za nyuroni zilizo chini ya ubongo, jambo linalosaidia kueleza kwa nini mwenye Bardet-Biedl hula asishibe. Na mwaka 2022 watafiti wa Janelia, katika jimbo la Virginia, wakitumia hadubini ya elektroni, walikuta kwenye hipokampasi, eneo la kumbukumbu, kwamba nyuzi za neva zinazotoa serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya nyuroni, huja na kugusana na silia ya nyuroni nyingine kama zinavyogusana na matawi yake ya kawaida. Ujumbe unaopita hapo haulazimiki kuzunguka kupitia matawi. Unashuka kwenye silia hadi karibu na kiini, na unabadilisha namna vinasaba vilivyofungwa humo.

Hadubini yetu ya shule, yenye kioo cha kugeuzia jua, haiwezi kuionyesha silia hiyo, kwani ni nyembamba mno kwake. Niliyoiona mimi ni picha ya maabara, seli zimetiwa rangi, viini ni vya buluu kama marumaru, na juu ya kila kimoja umesimama mstari mfupi wa kijani. Nimeichapa na kuibandika ubaoni kando ya mchoro wa paramesiamu. Mwanafunzi wa kwanza aliyeiona aliuliza mbona kila seli ina moja tu.